Deni Letu kwa Mama Aliyefariki



Kila mwaka mwezi wa Novemba ukifika, sisi Wakatoliki huenda makaburini. Tunang'oa majani, tunapaka misalaba chokaa, tunawasha mishumaa, na Padri anapita akinyunyiza maji ya baraka. Ni desturi njema, nayo ni ya zamani. Lakini mara ya mwisho tuliposimama mbele ya kaburi moja la kwetu Kyavinyonge, swali lilituingia moyoni, na mpaka leo halijatutoka. Mtu tuliyempenda akiisha kufa, tuna deni gani kwake? Tumekwisha kumlilia, tumekwisha kumzika, tumekwisha kukesha matangani. Je, deni limelipwa? Au ndiyo kwanza limeanza?

Kwa wale wasioijua, Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, si mbali na mahali mto Semliki unapotoka ziwani kwenda Ziwa Albert. Wanaume hukesha majini na nyavu zao. Alfajiri mitumbwi ikirudi, akina mama wamekwisha kufika ufukoni, vikapu mkononi. Wao ndio wanunuao samaki, wawapasuao, wawatiao chumvi au kuwakausha kwa moshi, na kuwapeleka sokoni Butembo na Beni. Mtu akisema kwamba kijiji hiki kimebebwa na migongo ya akina mama, hakosei.

Mama tunayemsema alikuwa mmoja wao. Jina lake tunaliacha, maana ni mali ya watoto wake. Alikuwa mjane. Aliwalea watoto sita kwa samaki wa chumvi, na wote walisoma. Jumamosi alifagia kanisa. Mke wa mvuvi akifika mgeni kijijini bila fedha ya kuanzia biashara, mama huyu alimpa kikapu cha kwanza cha samaki, wala hakuandika popote. Tuseme pia kwamba ulimi wake ulikuwa mkali, na aliyechelewa kumlipa alisikia habari zake mtaa mzima. Hata hivyo tulimpenda, na wengi wetu tulikula kwake.

Basi, mama huyu alianza kuona damu, naye alikuwa amekwisha kufika umri ambao damu ya kike hukoma. Aliona haya. Hakumwambia mtu. Alikunywa dawa za majani, akafunga kitambaa, akaenda sokoni. Miezi ikapita. Maumivu yakamshuka kiunoni na miguuni. Mwishowe binti yake mkubwa alimpeleka hospitali, na mganga akawaambia kwamba ni kansa ya mlango wa kizazi, ile ambayo vitabu huiita saratani, na kwamba imekwisha kuenea. Wakarudi nyumbani.

Hapo ndipo aibu yetu ilipoanza. Ugonjwa huu ukifika mwisho una harufu. Wageni walipungua. Mwanzoni tulikwenda kila siku, kisha Jumapili, kisha tukawa tunatuma salamu. Aliyebaki alikuwa jirani mmoja mzee, mkausha samaki kama yeye, ambaye zamani waligombana naye. Usiku mzee yule alichota maji, akafua vitambaa vya mgonjwa gizani, ili mtu asivione.

Alipokufa, tulijaa wote. Tuliimba usiku kucha. Na sisi tunaoandika haya ndio tuliopewa kazi ya kusoma maisha yake kanisani. Tulisoma kwamba alikuwa mpole, hakuwahi kukosana na mtu, na kwamba amefariki baada ya ugonjwa mfupi. Ugonjwa ule ulikuwa wa miezi kumi na minne! Lakini neno "mfupi" lilitutoka kinywani kwa urahisi, na watu wakaitika Amina.

Sasa angalieni, wapenzi, uwongo mdogo huzaa nini. Wiki haikwisha, watu walianza kuulizana: ni ugonjwa gani huu wa siku chache umwuao mwanamke mwenye nguvu? Wengine wakajibu: amelogwa. Na nani? Wakakumbuka ugomvi wa zamani. Wakamkumbuka mzee yule, na jinsi alivyoonekana usiku akitoka nyumbani kwa marehemu na ndoo. Kijana mmoja akatupa jiwe juu ya bati lake. Sisi tuliojua tulinyamaza, kwa sababu kusema kungetulazimu kukiri kwamba tulisoma uwongo mbele ya altare.

Aliyevunja ukimya ni yule binti mkubwa. Siku ya kuondoa matanga alisimama mbele ya watu wote. Alisema: "Mama yangu aliumwa kansa miezi kumi na minne. Alificha, nasi tukamsaidia kuficha. Ninyi mlimkimbia. Huyu bibi mnayemwita mchawi ndiye aliyemfulia." Akakaa chini. Hakuna aliyejibu. Bibi yule alilia, na sisi tuliangalia miguu yetu.

Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili sana. Je, binti alimwaibisha mama yake? Wako waliosema hivyo. Walisema: maradhi ya mwanamke ni siri, na mtoto mwema hufunika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Staha ni fadhila ya Kikristu. Hata wana wawili wa Nuhu walisifiwa kwa kuwa waliufunika uchi wa baba yao, wala hawakumtazama. Mgonjwa naye ana haki ya kuchagua nani ajue na nani asijue.

Lakini staha na uwongo si ndugu, ingawa mara nyingi huvaa nguo moja. Tutazitenganishaje? Tunaona njia iliyo wazi ni kujiuliza: ukimya huu unamlinda nani? Yule bibi aliyefua vitambaa gizani alimlinda mgonjwa. Hiyo ni staha. Sisi tulioandika "ugonjwa mfupi" tulijilinda wenyewe, ili mtu asituulize tulikuwa wapi miezi kumi na minne. Huo ni uwongo. Na uwongo wetu ulimwangukia mtu asiye na kosa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu sisi kilio kilifichua walio wazima zaidi kuliko marehemu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za mwanamke wa Yopa, jina lake Tabita, au Dorkas. Aliugua, akafa. Petro alipofika chumbani, wajane walimzunguka wakilia. Je, walimtolea hotuba? Hapana. Walimwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkas aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Wajane wale walileta ushahidi unaoshikika kwa mkono. Na tena, walikuwapo pale chumbani, karibu naye.

Mtakatifu Agostino anatufundisha zaidi. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikufa huko Ostia mwaka 387, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Agostino alimpenda mno. Miaka kama kumi baadaye aliandika maisha ya mama huyo katika kitabu cha Maungamo yake. Msomaji angedhani ataandika sifa tupu. Kumbe sivyo! Alisimulia hata jinsi Monika alipokuwa msichana alivyozoea kunywa divai kwa siri ghalani, mpaka mtumishi mmoja alipomkemea kwa maneno makali. Kwa nini mwana amtaje mama yake hivyo? Kwa sababu alitaka watu wamwombee mwanamke wa kweli, aliyeokolewa na neema ya Mungu. Monika mwenyewe hakujali azikwe wapi. Aliomba jambo moja tu: akumbukwe altareni mwa Bwana. Mtu tuliyemtangaza kuwa hana dosari, nani atamwombea? Sifa zetu za uwongo huwanyang'anya marehemu sala wanazozihitaji.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya zamani na ya mbali. Basi tutazame karibu, kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Septemba mwaka 2011, katika siku chache tu, nchi ile ilipoteza wanawake wawili mashuhuri, wote wawili kwa kansa.

Wa kwanza ni Daktari Margaret Ogola, aliyezaliwa mwaka 1958. Alikuwa mganga wa watoto na mama Mkatoliki. Aliwatunza Nairobi yatima wenye virusi vya ukimwi, katika nyumba ya Cottolengo, na akafanya kazi ya afya na familia katika ofisi ya maaskofu wa Kenya. Mwaka 1994 alitoa riwaya, The River and the Source, juu ya vizazi vinne vya wanawake, nayo ilisomwa na wanafunzi wengi mno shuleni. Mwaka 2005 alitoa nyingine, Place of Destiny, juu ya mwanamke anayekufa kwa kansa. Tazama ajabu hii: miaka sita kabla ya kufa kwake, mama huyu aliuchukua ugonjwa ambao wengi wetu hatuthubutu kuutaja, akauweka wazi kitabuni, asome yeyote apendaye.

Wa pili ni Profesa Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, upande wa Nyeri. Alisomeshwa na masista wa Konsolata huko Mathari, na hapo akaingia Kanisa Katoliki na Legio ya Maria. Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt, yaani ukanda wa kijani, ambamo akina mama wa vijijini walipanda miti kwa mamilioni. Mwaka 1989 alipinga jengo refu la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi. Wakubwa wakamtukana hata Bungeni, lakini jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Na mwaka 2005 alifanywa balozi wa misitu ya bonde la Kongo, kwa hiyo alikuwa msemaji wa misitu yetu pia. Wala hakuwa malaika wa kuchorwa. Ndoa yake ilivunjika mahakamani, na kwa kumsema hakimu alionja jela siku chache.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, kwa kansa ya ovari. Ugonjwa wake aliuweka kati ya watu wake wa karibu. Hiyo ilikuwa haki yake. Lakini alipokufa, jamaa zake hawakusema "ugonjwa mfupi". Walitangaza kwamba alipigana na kansa kwa muda mrefu na kwa ushujaa. Hapo mnaona staha na ukweli vikikaa nyumba moja bila ugomvi.

Tena alikuwa amewausia asizikwe katika jeneza la mbao, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, mimea ambayo watu wa maziwa tunaijua sana. Tarehe 8 Oktoba 2011 serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Wapi? Katika bustani ile ile ya Uhuru, aliyotukanwa kwa kuitetea. Heshima ile ilikuwa haki yake. Lakini kila mtu mwenye akili aliona kwamba gwaride la siku moja haliwezi kulipa deni. Yule mama wa kijijini aliyerudi nyumbani siku ile akapanda mche na kuumwagilia maji, huyo ndiye aliyeanza kulipa.

Basi, tukirudi kwetu Kyavinyonge, tunajibuje swali letu? Tunaona deni letu kwa marehemu tuliyempenda lina sehemu tatu.

Kwanza, sala. Hiyo ndiyo Monika aliyoiomba, nasi tunaijua: Misa Takatifu, Rozari, sadaka. Haigharimu kama karamu ya matanga, pengine ndiyo sababu huisahau upesi.

Pili, ukweli. Tumseme marehemu kama alivyokuwa, na ulimi wake mkali na kikapu chake cha bure. Tutaje ugonjwa wake kwa jina pale ambapo kunyamaza kutamdhuru mtu. Na hapa inatupasa kusema wazi, kwa maana kunyamaza kwetu kunadhuru. Kansa ya mlango wa kizazi si uchawi wala si malipo ya dhambi. Karibu mara zote husababishwa na virusi viitwavyo papiloma, vilivyo vya kawaida sana kwa watu. Kwa kawaida huchukua miaka 15 mpaka 20 kugeuka kansa, yaani kuna muda mrefu wa kuizuia. Muuguzi aliyefundishwa aweza kumpima mwanamke kwa siki tu, na palipoharibika huonekana peupe. Wasichana wa miaka 9 mpaka 14 waweza kukingwa kwa chanjo. Hata hivyo, mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake wapata 350,000 duniani, na 94 katika kila mia walikuwa wa nchi zenye uchumi mdogo au wa kati, kama zetu. Mama yeyote anayeona damu baada ya kukoma kwa siku zake, au damu baada ya kukutana na mumewe, asingoje. Aende akapimwe. Nanyi akina baba, msimwulize mkeo fedha ya safari itatoka wapi kana kwamba anakwenda kutembea.

Tatu, matendo. Mama yetu aliacha kazi yake njiani. Nani sasa anampa mgeni kikapu cha kwanza? Nani anafagia kanisa Jumamosi? Kumkumbuka mtu na kuiacha kazi yake iote majani ni sawa na kupaka kaburi chokaa na kuuza shamba. Wala deni hili halilipwi kwa marehemu peke yake. Yeye hahitaji tena maji ya kuoga. Lakini yuko mgonjwa mwingine mtaani leo anayeyahitaji, na harufu ya nyumba yake imekwisha kuwafukuza wageni. Tulichomnyima mama yetu katika miezi kumi na minne, hatuwezi kumrudishia kaburini. Twaweza kumpelekea huyo mwingine.

Tuongeze habari moja, kisha tumalize. Baada ya binti yule kusema, akina mama watano wa shirika letu walimwendea faraghani. Kila mmoja alikuwa na jambo alilolificha. Wakaafikiana kusafiri pamoja kwenda kupimwa, wakichangia nauli kwa samaki. Mmoja alikutwa na dalili za mwanzo, akatibiwa, na asubuhi bado tunamwona ufukoni akibishana bei na wavuvi. Je, si huo ndio ukumbusho wa mama yetu? Hotuba yetu nzuri ya kanisani haikumponya mtu. Maneno matatu ya kweli ya binti yake yalimponya mmoja.

Nasi wenyewe tulikwenda kwa yule bibi. Tulichelewa, lakini tulikwenda. Tulimwomba msamaha, tukamtengenezea bati lililotobolewa na jiwe. Hakutulaumu. Alituuliza tu kama tumekwisha kumwombea rafiki yake Misa ya mwaka. Tukamwambia bado. Akafungua pindo la kitenge, akatoa fedha zilizokunjwa, akasema, "Pelekeni kwa Padri, na jina lake msomeni vizuri."

Novemba ikija tena, wapenzi wasomaji, tutakwenda makaburini na mishumaa yetu. Lakini kabla ya kwenda, tupite kwanza kwa mgonjwa.